Mlango Usiosikia Hodi

Mtu wa pwani akifika kwenye nyumba isiyo yake hasukumi mlango. Husimama kando kidogo, akapiga hodi, akangoja. Asipojibiwa hupiga ya pili, kisha ya tatu. Na ya tatu ikipita kimya hurudi alikotoka bila ya kinyongo. Akijibiwa, hujibiwa kwa neno moja tu: karibu. Neno hilo lina maana mbili ambazo Kiswahili hakikuona haja ya kuzitenganisha. Ni ruhusa ya kuingia, na ni kinyume cha mbali. Anayeambiwa karibu amefunguliwa mlango, na papo hapo ameambiwa kwamba yupo mtu jirani naye ambaye, tangu dakika hiyo, yatamhusu mema na mabaya yatakayomfika mgeni wake.

Desturi hiyo ndiyo shina la ukaribishaji wote wa pwani, ule wa nyumbani na ule wa kulipia. Na sasa shina lenyewe linaguswa. Katika miji mingi ya dunia mgeni hulipia chumba akiwa angali kwao, hutumiwa ufunguo ndani ya simu, hupita mahali pa mapokezi pasipokuwa na mtu, akaisogeza simu kwenye kitasa na mlango ukafunguka. Hakupiga hodi, wala hakuna aliyemwambia karibu. Taa zimejiwasha, kiyoyozi kimekwisha kujua kiasi cha baridi aipendayo, na runinga imeandika jina lake kwa herufi kubwa. Asubuhi huondoka kama alivyoingia. Hapana shaka mambo hayo yana urahisi wake. Lakini kila urahisi huondoa kitu mahali kilipokuwa, na inafaa kukitazama hicho kinachoondolewa kabla hakijapotea machoni.

Pa kutazamia ni Kigamboni. Aliyesimama juu ya pantoni akivuka kutoka Magogoni huwa na nyakati mbili za ukaribishaji mbele na nyuma yake. Nyuma, ukingoni mwa bandari, yamesimama majengo marefu ya mjini, na miongoni mwao lile lililofunguliwa mwaka 1965 kwa jina la Hoteli ya Kilimanjaro, fahari ya taifa changa, ambalo baadaye lilibadilishwa sura na majina. Mbele iko nchi ya minazi, mabanda ya makuti na nyumba ndogo za wageni zinazofuatana na ufuo kutoka Mjimwema hadi Gezaulole, na mbele zaidi hadi Kimbiji. Kwa miaka mingi aliyetaka kwenda huko alikuwa na njia mbili tu: kuvuka kwa pantoni, au kuzunguka kwa barabara ndefu ya Kongowe. Kisha, Aprili 2016, likafunguliwa Daraja la Nyerere kutoka Kurasini, lenye urefu wa mita 680. Na Kigamboni, iliyokuwa sehemu ya Temeke, ikawa wilaya peke yake. Viwanja vikapimwa, lami ikasogea, na wageni wakaongezeka. Hata kwenye lango la pantoni kadi ya kielektroniki ikaingia mahali pa tiketi ya karatasi, na wazee waliozoea kuhesabiana chenji na mkatisha tiketi wakajifunza kuigusisha kadi na kupita bila ya kusema neno.

Nyumba za wageni za upande huo hazikuachwa nyuma. Watu wengi wa Bara huziita gesti. Pwani neno hoteli lenyewe lina tabia ya kuyumba, kwani wengi wakisikia mtu amekwenda hoteli hudhani amekwenda kunywa chai na kula maandazi. Lakini nyumba ya wageni ni jina lisilo na utata: ni nyumba, na wenyewe ni wageni. Chombo chake kikuu kilikuwa daftari. Lilikuwa kubwa, lenye jalada gumu, limepigwa mistari kwa rula: tarehe, jina, kabila, kazi, atokako, aendako, namba ya chumba, saini. Kando yake uliwekwa ufunguo uliofungwa kwenye kibao cha mti, kizito kiasi cha kumzuia mgeni asiondoke nao mfukoni. Baada ya 2008, pesa za simu zilipoanza kuenea nchini, kikaongezeka kibandiko cha namba ya kulipia ukutani. Kuanzia mwaka 2010 serikali ikaleta mashine za risiti. Kisha ikaja kompyuta ndogo, na ndani ya kompyuta wakaja wageni kutoka nchi ambazo mwenye nyumba hakupata kuzisikia.

Katika nyumba moja ya namna hiyo, huko Mjimwema, yalitokea mambo yanayofaa kusimuliwa.

Ilikuwa Jumapili, tarehe 12 Mei 2024. Pwani ilikuwa bado inazungumza habari za Kimbunga Hidaya kilichoifikia Tanzania siku nane kabla yake, siku ambayo vyombo vya kwenda Unguja vilizuiwa kuondoka. Hali ya hewa ilikuwa imetulia, na hakuna aliyetazamia balaa nyingine kutoka baharini. Nayo haikuonekana kwa macho. Waya mbili za mawasiliano zilizolazwa chini ya Bahari ya Hindi, SEACOM iliyoanza kazi mwaka 2009 na EASSy iliyoifuata mwaka 2010, zilipata hitilafu upande wa kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Intaneti ikazorota Tanzania, Kenya, Uganda na nchi nyingine za jirani, na mahali pengine ikatoweka kabisa. Huko Mjimwema kompyuta ya mapokezi ikabaki na gurudumu dogo linalozunguka bila ya kufika.

Jioni alifika mzee mmoja kutoka Tanga. Alikuwa amekuja kwenye arusi ya ukoo, Kibada. Nyumba ya arusi imejaa wageni hadi barazani, na mjukuu wake, kijana wa siku hizi, akamlipia chumba kwa simu ili apate kulala kwa utulivu. Mzee alipiga hodi mlangoni ingawa mlango ulikuwa wazi. Binti wa mapokezi akainuka.

“Karibu, mzee. Shikamoo.”

“Marahaba, mwanangu. Mjukuu wangu kanilipia chumba. Kasema jina langu limo humo,” akaonyesha kompyuta.

“Pole na safari, babu. Humo leo hamna kitu. Mtandao umekatika tangu asubuhi.”

“Basi nirudi?”

“Urudi wapi na usiku huu? Keti kwanza.”

Binti akavuta daftari kutoka chini ya meza. Lilikuwa halijaandikwa kwa miezi kadhaa. Akapiga mstari, akaandika jina, atokako, aendako. Hakuwa na hakika ya malipo, maana hakukuwa na njia ya kuyaona. Alichukua dhamana yeye mwenyewe, akijua kwamba ikidhihiri kuwa hakukulipwa kitu, mshahara wake ndio utakaokatwa. Alipouliza kuhusu chai ya asubuhi, mzee alisema: “Yangu bila ya sukari, mwanangu. Nina kisukari. Nikisha swali alfajiri hukaa nikangoja saa moja.” Binti akaandika pembeni, nje ya mistari: chai kavu, saa moja. Hapakuwa na safu ya maneno hayo. Daftari lilikuwa na pembe, naye akaitumia.

Hadithi hii ina asubuhi yake, lakini kwanza inafaa kurudi nyuma sana, ili ijulikane kwamba alilolifanya binti yule lina nasaba. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alipita katika mwambao huu wa mashariki, akafika Mogadishu, Mombasa na Kilwa. Ameeleza kwamba jahazi ikikaribia Mogadishu, vijana wa mji huiendea kwa mashua, kila mmoja amechukua chakula kilichofunikwa, akakiweka mbele ya mfanyabiashara mmoja na kutangaza kwamba huyu ni mgeni wake. Mfanyabiashara huyo hakulala penginepo ila kwa mwenyeji wake, isipokuwa aliyekwisha uzoea mji na kuwa na wenyeji wake wa zamani. Mwenyeji humuuzia bidhaa zake na kumnunulia mahitaji yake. Na anayenunua kitu kwa mgeni kwa bei ya kumpunja, au kumuuzia kitu mwenyeji wake asipokuwapo, biashara hiyo hubatilika.

Hapo pana siri yote ya kazi hii. Mwenyeji wa Mogadishu alikuwa na faida yake, hakuwa malaika. Lakini faida yake ilifungamanishwa na dhamana. Mgeni akidhulumiwa, yupo mtu wa kuulizwa, na mtu huyo ana jina, ana nyumba, ana jamaa watakaoona haya. Sikio la mpenzi wa maneno husikia ndani ya neno mwenyeji sauti ya mwenye mji: aliye na mji, na kwa hiyo anaweza kumgawia mwingine sehemu yake. Asiye na mji hana cha kukaribishia.

Dalali wa leo hukaa mbali zaidi. Booking.com ilianzishwa Uholanzi mwaka 1996, na Airbnb ilianza San Francisco mwaka 2008. Na zote mbili zimefanya jambo ambalo mwenye nyumba ndogo wa Kigamboni asingeliweza kulifanya kwa umri wake wote. Zimelifanya banda lake la makuti lionekane na mtu aliyekaa dirishani Stockholm, akaliona godoro, akaiona bahari, akasoma waliyoyasema waliolala hapo kabla yake. Zamani mwenye banda hilo alitegemea bango lililopigwa rangi kwa mkono na dereva wa teksi. Kusema kwamba mashine imemnyang’anya tu ni kukosa insafu. Lakini dalali huyo huchukua sehemu yake, ambayo aghalabu ni kama asilimia 15 ya bei ya chumba, na chakula kilichofunikwa hakileti. Mgeni akifika usiku akakuta jina lake halimo, dalali yuko ng’ambo ya bahari. Aliye karibu ni binti wa mapokezi na daftari lake.

Mabadiliko haya hayakuanza jana. Katika miaka ya 1970 Mnorwe mmoja, Tor Sørnes, alibuni kitasa cha hoteli kinachofunguliwa kwa kadi ya plastiki yenye matundu, ili ufunguo wa mgeni aliyeondoka usimfungulie mwingine chumba cha mgeni aliyebaki. Lilikuwa jambo jema, na wanawake wengi wasafirio peke yao wamelala salama kwa sababu yake. Matundu yakawa utepe wa sumaku, utepe ukawa kidude kidogo ndani ya kadi, na tangu katikati ya miaka ya 2010 kadi yenyewe imekuwa ikihamia ndani ya simu. Hatua inayofuata imekwisha kuonekana: uso wa mgeni uwe ndio ufunguo. Atatazama kioo, kioo kimtambue, na mlango ufunguke.

Wapo waliojaribu kwenda mbali zaidi. Mwaka 2015, katika mkoa wa Nagasaki, Japani, ilifunguliwa hoteli ya Henn na, ambayo wahudumu wake wengi walikuwa roboti. Mapokezi alisimama mnyama wa kale mwenye meno, mfano wa dinosaria, akiwaamkia wageni, na kitandani aliwekwa mwanasesere wa kujibu maswali. Mwaka 2019 habari zikatoka kwamba zaidi ya nusu ya roboti 243 wa hoteli hiyo walikuwa wameondolewa kazini. Baadhi yao walikuwa wakiwaongezea watu kazi mahali pa kuwapunguzia. Yule mwanasesere wa kitandani alikuwa akisikia mkoromo wa mgeni akidhani ameitwa. Humwamsha mtu usiku wa manane kumwomba arudie alilolisema. Kisa hicho huchekesha, nacho kina funzo. Mashine ilisikia sauti sawasawa. Ilichokosa ni kujua kwamba mtu amelala.

Lakini asidanganyike mtu kwa kichekesho hicho. Roboti wa mwaka 2015 si akili mnemba ya leo, ambayo huzungumza lugha nyingi na kujibu kwa adabu. Na katika lugha hasa ndipo penye heri kubwa. Google ilikiingiza Kiswahili katika tafsiri yake ya mashine mwaka 2009, na tafsiri za mwanzo zilikuwa za kuchekesha, zikililia neno karibu kama kwamba lina maana moja tu. Sasa zimenyooka sana. Mhudumu wa Kigamboni asiyejua ila Kiswahili na Kizaramo huweza kuzungumza na mgeni wa Kipolandi kwa kupokezana simu, akamweleza kwamba maji ya bomba si ya kunywa na kwamba bahari ya kusi haifai kuogelewa mbali. Zamani mazungumzo hayo yasingelikuwapo. Wangelitazamana na kutabasamu. Mtu aliyeishi kwa kazi ya kufasiri huweza kuona wivu hapo, na wivu huo ni wa haki, lakini si hoja.

Hoja iko kwenye maneno mengine. Katika daftari la zamani aliyeingia aliitwa mgeni. Katika vitabu vya hesabu akawa mteja. Katika programu za simu zilizofasiriwa kwa Kiswahili ameitwa mtumiaji. Kila neno ni sahihi mahali pake, na hakuna mfasiri wa kulaumiwa. Hata hivyo, maneno hayo matatu hayadai kitu kimoja kutoka kwa upande wa pili. Mtumiaji hudai kifaa kifanye kazi. Mteja hudai thamani ya pesa yake. Mgeni, hata akiwa amelipa hadi senti ya mwisho, hudai mwenyeji.

Kuna na jambo la kumbukumbu. Daftari la nyumba ya wageni lilijua mengi, na baadhi yake, kama lile la kabila, mtu angeliweza kuuliza lilitakiwa kwa nini. Lakini lilikuwa moja, likiliwa na mende, na likijaa lilitupwa stoo. Kumbukumbu za leo hazizeeki na haziko mahali pamoja. Novemba 2018 kampuni ya Marriott ilitangaza kwamba wavamizi walikuwa wameingia katika mfumo wa kuhifadhi nafasi za hoteli za Starwood tangu mwaka 2014. Kumbukumbu za wageni zilizoguswa zilikadiriwa kwanza kufikia milioni 500, kisha zikasemwa kuwa hazizidi milioni 383, na ndani yake zilikuwamo namba za pasipoti kwa mamilioni. Ufunguo ukipotea hubadilishwa kitasa. Uso ukiibwa hubadilishwa nini? Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023, nayo humpa mtu haki ya kujua kilichowekwa juu yake na kudai kirekebishwe. Ni sheria njema. Ila haki hudaiwa mbele ya mtu, na siku itakapofika nyumba ya Mjimwema haina mtu mapokezi, itabidi ijulikane haki hiyo inadaiwa kwa nani, na kwa lugha gani.

Sasa ile asubuhi ya Jumatatu.

Saa moja ilifika, na mzee wa Tanga hakutoka. Binti alitenga chai kavu mezani, akaifunika. Saa moja na nusu akaitazama ile pembe ya daftari. Zamu yake ilikuwa imekwisha, na mwenzake wa mchana alikuwa amekwama upande wa pili akingoja pantoni. Saa mbili akapanda hadi mlangoni. Akapiga hodi. Akangoja. Akapiga ya pili. Akapiga ya tatu, nayo ikapita kimya.

Mgeni, hodi yake ya tatu ikikosa jibu, hurudi. Mwenyeji harudi. Binti alishuka mbio, akachukua ufunguo wa akiba uliotundikwa nyuma ya meza, akapanda tena na kufungua. Mzee alikuwa kitandani, amelowa jasho la baridi, macho yako wazi na maneno hayakamatani. Usiku alikunywa dawa zake kama alivyozoea, lakini uchovu wa safari ulimkatisha hamu ya chakula, na sukari mwilini ilikuwa imeteremka mno. Binti hakuwa mganga. Alikuwa na bibi yake nyumbani mwenye maradhi hayo hayo, na alipata kuona. Akakoroga sukari katika maji, akamwinua mzee kichwa, na alipoona anaweza kumeza akamnywesha kidogo kidogo. Mlinzi akaita bajaji. Wakampeleka zahanati, na huko wakaambiwa kwamba wamefanya lililopasa na wamewahi. Alasiri ya siku hiyo mzee alikuwa Kibada, amekalishwa kwenye kiti cha heshima, akisimulia kwamba maishani mwake mwote hakupata kupewa sukari nyingi namna ile na mtu aliyeandikiwa asimpe.

Mwenye nyumba alipopata habari alimsifu binti, tena kwa moyo. Miezi michache baadaye akaletewa bei za vitasa vya simu. Muuzaji alimwonyesha hesabu: vyumba kumi na viwili, vitasa kumi na viwili, na zamu ya usiku haihitajiki tena. Malipo ya vitasa yangelirudi kwa mshahara wa watu wawili, yaani binti huyo na mwenzake wa kupokezana. Hesabu ilikuwa sahihi. Wala mwenye nyumba si mtu mbaya. Ana mkopo wa benki, ana watoto shuleni, umeme unapanda, na jirani yake amekwisha kununua. Ufukweni Kigamboni anayechelewa hupitwa.

Muuzaji alikuwa na jibu hata kwa kisa cha mzee, nalo ni jibu la kweli, halifai kufichwa. Vipo vifaa vidogo vya kubandikwa mkononi vinavyopima sukari ya mwili dakika kwa dakika na kulia sukari ikishuka. Kifaa hicho kingelilia saa kumi ya usiku, wakati binti yuko chini anasinzia na hajui lolote. Kingelimtangulia kwa saa nne. Vipo pia vyombo vya ukutani vinavyotambua kwamba mtu hajatikisika kitandani kwa muda mrefu kuliko kawaida. Asemaye kwamba mashine haiwezi kumjali mtu aseme pia kwamba mtu huweza kusinzia, kukasirika, kuiba, na kumkataa mgeni kwa sababu ya sura yake. Mlango wa simu haubagui kabila, na haumwulizi mwanamke aliyekuja peke yake amekuja kufanya nini. Wapo waliodhalilishwa mapokezi ambao wangelishukuru kuukuta mlango usiouliza.

Yote hayo ni kweli, na bado limebaki swali moja dogo. Kengele ile ikilia saa kumi ya usiku, inamlilia nani? Ikiwa zamu ya usiku imeuzwa ili kununua kitasa, kengele italia ndani ya simu ya mwenye nyumba aliyelala Mbagala, au kwenye ofisi ya kampuni iliyo bara jingine, au haitalia kabisa kwa kuwa waya imekatika chini ya bahari, kama ilivyokatika Jumapili ile. Kipimo huweza kujua. Kupanda ngazi hakuwezi. Mashine imewezeshwa kupiga hodi vizuri kuliko binadamu yeyote. Lakini hodi, hata ikiwa ya namna gani, ni nusu tu ya mazungumzo.

Kwa hiyo mashindano kati ya mtu na mashine, yanayopendwa sana na wanaozungumzia wakati ujao, huenda yakawa yamewekwa vibaya. Kinachotakiwa kuamuliwa katika kila nyumba, na kila mwenye nyumba akiwa peke yake na hesabu zake, ni lipi linaondolewa. Kuna kazi zilizokuwa mzigo mtupu: kuandika jina lile lile mara tatu, kutafuta chenji, kumngoja mgeni aliyechelewa hadi usiku kucha kwa sababu ya ufunguo mmoja. Hizo zikienda, hakuna atakayezililia, wala binti wa mapokezi hatazililia. Lakini katika zamu ya usiku pana na kitu kisichoandikwa kwenye mkataba, kwa sababu hakuna safu yake: kuwapo. Kitu hicho hakionekani katika hesabu kwa sababu siku mia tatu za mwaka hakifanyi lolote. Hukaa kwenye kiti, husikiliza redio kwa sauti ya chini, hunywa chai. Kisha unakuja usiku mmoja.

Wapenzi wa tenzi wanaijua Al-Inkishafi, aliyoitunga Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir juu ya Pate iliyoanguka. Katika kuyataja majumba ya waungwana hakuhesabu mawe yaliyobomoka peke yake. Alikumbuka taa zilizokuwa ziking’aa na watu waliokuwa wamejaa, kisha akaonyesha popo na wadudu waliorithi vyumba. Nyumba zile hazikufa siku kuta zilipopasuka. Zilikufa siku waliokuwamo walipoondoka. Nyumba ya wageni ya wakati ujao huenda ikawa na taa zinazojiwasha kila magharibi, kuta zake nyeupe, vitasa vyake vinang’aa, na maji yake hayakatiki. Itakuwa nzuri kuitazama kutoka baharini. Atakayeingia ndiye atakayejua kama inakaliwa.

Mwisho wa safari ya ufuo ule wa Mjimwema pana kijiji cha Gezaulole, karibu na magofu na makaburi ya kale ya Mbwamaji, mji uliokuwapo kabla Dar es Salaam haijaitwa mji. Jina la Gezaulole ni la Kizaramo, na maana yake ni jaribu uone. Ni jina la zama za Ujamaa, walipokusanywa watu kuanza maisha wasiyoyajua, na mtu huweza kulisikia kama ahadi au kama onyo. Mwenye nyumba wa Mjimwema, kwa sasa, amefanya kama jina hilo lisemavyo. Amenunua vitasa sita kwa vyumba vya juu, na vya chini ameviacha na funguo zenye vibao. Daftari lilirudishwa chini ya meza siku intaneti ilipotengemaa, ila amesema lisitupwe. Zamu ya usiku ipo hadi mwisho wa mwaka. Baada ya hapo ataangalia hesabu.

Binti bado anakaa pale. Usiku, pantoni ya mwisho ya watu wa arusi ikishapita na baraza likiwa limenyamaza, mgeni wa vyumba vya juu huweza kuingia na kupanda ngazi bila ya kumwamsha mtu, maana mlango wake hauhitaji. Wengi hufanya hivyo. Lakini wapo ambao, wakiwa na ufunguo tayari ndani ya simu zao, husimama mlangoni kwa nukta moja wakaita hodi, kwa mazoea au kwa kutaka kujua. Na kutoka gizani, nyuma ya meza, hujibiwa.

“Karibu.”